Darasa la Saa Kumi na Moja

Kambini, darajani
3 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Nimefika salama. Kambi iko mbali na kila kitu. Simu inashika juu ya kilima tu, na juu ya kilima kuna nyuki, kwa hiyo tuandikiane. Dereva wa lori la saruji hushuka mjini kila baada ya wiki mbili na amekubali kubeba barua zetu. Kazi ni kuchomelea vyuma vya daraja. Mkataba ni wa mwaka mmoja, na nikimaliza nitanunua mashine mpya.

Sasa nisikilize kuhusu jimu. Ulifundisha michezo miaka minane kabla shule yenu haijafungwa, na najua ugonjwa wako ni kupanga watu mistari. Usinipangie mtu. Wanaokuja kwangu wanakuja kunyanyua vyuma. Fungua saa kumi na mbili asubuhi. Pangusa mabenchi. Kamba za mashine ya kuvutia zitie mafuta kila Jumatatu. Muziki sitaki, mtu akibeba kilo mia hahitaji kuimbiwa. Chumba cha nyuma kimejaa mabenchi mabovu, kiache hivyohivyo. Ukikwama muulize Sharubu. Ndiye mwanachama wangu wa kwanza na anaijua kila nati.

Miaka kumi na moja jimu hiyo imesimama kwa mgongo wangu. Ishike kama yai.

Kaka yako,
Nondo


Mjini
20 Februari

Kaka,

Shikamoo. Yai halijapasuka. Kamba zimetiwa mafuta, mabenchi yanang'aa, na Sharubu ananisimamia kama mkaguzi wa elimu. Jana alinionyesha namna ya kukunja kitambaa cha kupangusia.

Lakini kuna jambo. Ubao wako ukutani unaonyesha wanachama sitini na mmoja. Mimi ualimu haujanitoka, nimefungua daftari la mahudhurio. Wiki iliyopita walioingia ni kumi na tisa. Hao wengine arobaini na wawili ni majina tu. Wakimaliza muda waliolipia, hawarudi. Kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni tupo mimi na inzi, na inzi hawajalipa.

Nilikwenda kumtafuta mmoja wao, yule mama fundi cherehani wa mtaa wa pili, aliyelipa miezi mitatu na kuja mara mbili. Nilimkuta ameinama kwenye mashine yake.

"Mama, mbona umetupotea?"

Alicheka kwa aibu. "Mwanangu, nilikuja. Nikakaa kwenye benchi, nikashika kile chuma, nikakirudisha. Hakuna aliyejua nimekuja. Nikaacha, hakuna aliyejua nimeacha."

Vyuma vyako ni vizuri, kaka, hakuna anayekimbia vyuma. Watu wanaacha kwa sababu hawana wa kuwangoja. Niruhusu nisafishe chumba cha nyuma nianzishe darasa la pamoja, Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Saa moja tu, mazoezi ya mwili bila mashine, wote kwa pamoja, mmoja akihesabu.

Mdogo wako,
Mwalimu


Kambini
6 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa macho, mara ya pili kwa meno.

Hapana. Jimu ya mtaa wa juu waliweka taa za rangi na watu wa kurukaruka, leo ni duka la viatu. Anayetaka kuruka na wenzake aende harusini, kule hata kiingilio hakuna. Mimi nilijenga mahali ambapo mtu anapambana na chuma peke yake, na chuma hakimpendelei mtu. Huyo mama akitaka kuulizwa habari zake, majirani anao.

Tia mafuta kamba.

Nondo


Mjini
27 Machi

Kaka,

Nimekuelewa kabisa. Kamba zinateleza kama kambare.

Chumba cha nyuma nilikifungua kufukuza panya tu. Kwa kuwa nilishakifungua, nikakipiga deki. Na kwa kuwa nilishakipiga deki, nikatoa yale mabenchi mabovu, maana panya hupenda kona. Yako uani, yamefunikwa turubai, hayajaguswa na mvua. Nimenunua pia mikeka kumi na miwili ya sakafu kwa pesa yangu, kwa ajili ya unyevu.

Wewe hali yako? Dereva alileta bahasha ya mshahara wako bila barua. Si kawaida yako kukosa la kulalamikia.

Mdogo wako,
Mwalimu


Kambini
22 Aprili

Mdogo wangu,

Sharubu ameniandikia. Anasema ikifika saa kumi na moja jioni ukuta unatikisika, na watu wanahesabu kwa sauti moja kama darasa la kwanza. Siku tano kwa wiki. Hao panya wako wamejifunza kuhesabu lini?

Ningekuwa na nguvu ningekugombeza. Acha tu.

Tarehe 14 Mei atakuja bwana mmoja kuangalia jengo. Ni mtu wa paa. Mwonyeshe kila kona na usimchimbe kwa maswali. Siku hiyo pasiwe na makelele.

Kaka yako


Mjini
15 Mei

Kaka,

Mtu wako wa paa amekuja. Naandika asubuhi hii, kalamu ikiwa bado nzito.

Nilijiandaa. Nilizungushia chaki kila mahali panapovuja, nikaazima ngazi. Alifika saa kumi na nusu, bwana mtaratibu mwenye viatu safi na futi ya kupimia mkononi. Hakutazama juu hata mara moja. Alipima mlango. Alipima sakafu. Aligonga nguzo kwa kidole.

"Malori ya vigae yatapita hapa," akasema. Nilidhani anazungumza na mimi, kumbe anazungumza na nafsi yake. Kisha akanigeukia. "Nondo alisema mtakuwa mmehama mwisho wa Juni. Ni kweli, au niwape wiki mbili zaidi?"

Nikasimama na ngazi yangu. Sikujua niiegemeze wapi.

Darasa sikuwa nimeliahirisha, hilo nakiri. Saa kumi na moja kasoro walianza kuingia. Walikuwa thelathini na wanne. Yule bwana akajibana mlangoni. Mama fundi cherehani akamtazama kuanzia viatu mpaka kichwa, akaniuliza, "Mwalimu, huyu ni mgeni wetu?"

"Hapana, mama. Amekuja kununua jengo."

Mama akavua viatu vyake, akaviweka ukutani sawasawa kama anavyoviweka kila siku.

"Basi apishe mlangoni," akasema. "Sisi tuna kazi."

Tukaanza. Kaka, nimesikia watu wakihesabu maisha yangu yote, lakini si vile. Fundi simu, ambaye siku zote hufa kwenye ishirini, alifika hamsini. Mlinzi wa benki alikuwa analia na hakuacha kuchuchumaa. Yule bwana alisimama saa nzima na futi yake. Walipotoka alinifuata.

"Hawa wanakuja kila siku?"

"Siku tano kwa wiki."

"Na wanalipa?"

"Kabla tarehe haijafika. Asiyekuja siku mbili wenzake wanamfuata nyumbani."

Akatikisa kichwa. "Nina maduka sita. Wateja wangu hawajawahi kuulizana hali." Akaitia futi mfukoni akaondoka bila kupima uani.

Kwa hiyo nakuuliza bila kuzunguka. Umeiuza?

Na mimi nitoe ya kwangu, maana nilikudanganya kwanza. Darasa lilianza Machi na watu saba. Wote saba wapo mpaka leo. Wanachama sasa ni mia moja na kumi na wanane, na wiki iliyopita walioingia mlangoni ni tisini na sita. Saa ile ya inzi ndiyo saa yenye watu kuliko zote. Chumba kilekile, mwalimu mmoja, hakuna mashine hata moja iliyonunuliwa. Na ambalo hungelitegemea ni hili: ishirini na watatu walioanzia darasani wameshahamia kwenye vyuma vyako, kwa sababu sasa hawaoni haya kuingia. Mama fundi cherehani ananyanyua kilo arobaini. Darasa halikuwafukuza watu wa vyuma, linawazaa.

Sharubu je? Siku za mwanzo alikuja kuzima muziki. Sasa muulize mwenyewe yuko mstari wa ngapi.

Nilikosa kukuficha. Lakini mimi nilikuficha watu, wewe umenificha mlango unaofungwa.

Mdogo wako


Kambini
30 Mei

Mdogo wangu,

Sijauza. Nimeahidi kusaini tarehe 30 Juni. Barua yako nimekaa nayo siku tatu kabla ya kushika kalamu.

Tarehe 12 Machi jukwaa lilivunjika nikiwa juu. Nilianguka kimo cha watu wawili, nikaangukia mgongo. Ndiyo maana bahasha ilikuja bila barua: nilikuwa nimelala chali kwenye zahanati ya kambi, sikuweza kukaa. Sasa natembea. Wamenipa kazi ya kuhesabu elektrodi, vile vijiti vya kuchomelea, stoo. Daktari ni kijana, aliniambia taratibu kabisa, kama mtu anayemwamsha mtoto, kwamba nisinyanyue tena kitu kizito maisha yangu yote. Nikamuuliza kizito ni kiasi gani. Akasema, ndoo ya maji fikiria mara mbili.

Sikukwambia kwa sababu ningekwambia ungekuja, na ungenikuta nimevishwa nguo na mtu mwingine. Mtaa mzima unaniita Nondo. Nitasimamaje kwenye jimu yangu nikimwomba mtu anisogezee benchi? Nikaona bora iondoke wakati jina bado limenyooka. Yule bwana nilimpata kupitia msimamizi wetu hapa. Nikasema ni mtu wa paa kwa sababu neno lenyewe lilinishinda kuandika.

Umesema darasa linawazaa watu wa vyuma. Nimeusoma mstari huo mpaka karatasi imechakaa. Miaka kumi na moja nimekuwa nikiwapokea kumi Januari na kuwazika wanane Machi, nikidhani wao ndio walegevu.

Lakini hata kama ni kweli, mimi nitakuwa nani humo ndani?

Kaka yako


Jimu, benchi la kwanza
11 Juni

Nondo,

Mimi Sharubu. Mdogo wako hajui kwamba naandika, na usimwambie, ananihesabia pumzi tayari.

Mwezi wa nne nilikuandikia nikimshtaki. Nilisema kweli kuhusu ukuta. Sikusema kwamba siku niliyotia barua kwenye bahasha nilikuwa nimeshahudhuria mara tatu. Niliingia kuzima redio, akaniambia, "Mzee, kabla hujazima, nisaidie kuonyesha hapa namna ya kuchuchumaa vizuri, hawa wananyonga magoti." Nikaonyesha. Wakanipigia makofi. Nondo, tangu nianze kunyanyua vyuma hakuna aliyenipigia makofi isipokuwa mbu. Siku ya pili nikaja na taulo.

Niko mstari wa kwanza. Goti lililonisumbua miaka sita linapanda ngazi. Mke wangu yupo mstari wa pili, anasema ni kunilinda.

Habari za mgongo wako zimetufikia. Dereva wa lori ana mdomo mpana kuliko lori lake. Tulikaa juzi baada ya darasa, watu arobaini hivi, sakafuni. Kuna aliyesema tukuchangie, mama fundi cherehani akamnyamazisha. Alisema, "Hana shida ya mchango, ana shida ya kuonekana vile alivyo sasa."

Mimi nina langu moja. Mwaka ule nilipong'ang'ania kilo mia na kumi na mkono ukaanza kupinda, nani aliona? Ulikuwa upande wa pili wa chumba, umenipa kisogo, ukaniona kwenye kioo. Ulisema, "Kiwiko." Neno moja. Leo nina mikono miwili kwa sababu hiyo. Hukuninyanyulia chochote siku ile.

Rudi, acha maringo.

Sharubu


Mjini
21 Juni

Kaka,

Nimelia, nimemaliza, sasa nisikilize kama mwalimu.

Uliponiachia jimu uliandika kwamba imesimama kwa mgongo wako. Nimekaa humo miezi mitano na sijaona mtu anayeuzungumzia mgongo wako. Wanazungumzia jicho lako. Mimi nina sauti ya kuwaamsha watu thelathini. Lakini sioni kama unavyoona wewe. Juzi nusura fundi simu aumie kiuno mbele yangu, na sikumwona mpaka alipopiga kelele.

Na nina haja, si huruma. Nimepata nafasi ya kozi ya wakufunzi wa mazoezi, miezi mitatu, mji mwingine, kuanzia katikati ya Agosti. Nikiondoka, darasa linabaki bila mtu. Nikiwaleta wageni, watu watatawanyika. Nahitaji mtu atakayekaa kwenye kigoda mbele, ahesabu, na aone. Kunyanyua kwenye darasa hili hakuna. Ndoo ya maji tutakubebea.

Usisaini kabla hujakaa nyuma ya chumba saa moja. Moja tu. Ukiona ni upuuzi, nitakushikia kalamu mwenyewe.

Mdogo wako,
Mwalimu


Jimu
9 Septemba

Mdogo wangu,

Najua umeondoka hapa wiki tatu tu, na simu sasa ninayo hapa mjini inashika hata chooni. Lakini mengine siwezi kuyasema kwa simu, nitachekesha watu. Kalamu haicheki.

Kwanza kozi. Mkufunzi wako akikuambia umekosea, sikiliza. Akikuambia mara ya pili, mwandikie kaka yako.

Kambini waliniachia mapema kwa ajili ya mgongo, na ile saa moja ya kukaa nyuma ya chumba uliona imenitosha: tarehe 30 Juni ilipita sijasaini. Yule bwana wa vigae nilimfuata dukani kwake mwezi wa saba kumwambia sisaini, hilo ulilijua. Ambalo hukulijua ni jibu lake, nililiweka. Alisema, "Nilishatafuta godauni lingine tangu siku ile. Nilikuwa nangoja tu uje uniambie mwenyewe." Tukanywa chai. Nilipotoka akanifungulia mlango wa duka, nikaona amegundua namna ninavyotembea, na sikuona haya. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Sasa darasa. Wiki mbili za mwanzo alihesabu Sharubu, mimi nikiwa nyuma nikijifanya nakagua nati. Jumatatu iliyopita akasema koo limemkauka, na mwongo yule koo lake halijawahi kukauka tangu azaliwe. Wakaniwekea kigoda mbele. Mdogo wangu, nimewahi kubeba kilo mia mbili uwanja umejaa, sikutetemeka. Jumatatu hiyo, nikiwa nimekaa, bila chuma mkononi, nilikishika kigoda kama mtu aliye juu ya jukwaa. Walikuwa hamsini na mmoja. Mlango ulibidi uachwe wazi.

Nilianza kuhesabu. Nilifika kumi na nne nikasahau kinachofuata. Kweli kabisa. Mama fundi cherehani akaendelea, "kumi na tano," na chumba kizima kikamfuata, na mimi nikaunganika nao kwenye kumi na saba. Hakuna aliyecheka. Na kwa kuwa walikuwa wanahesabu wao, mimi nikapata nafasi ya kutazama. Nikaona goti la mlinzi wa benki linaingia ndani. Nikaona mabega ya mke wa Sharubu yamepanda masikioni. Nikaona dada mmoja mgeni, mstari wa mwisho, anabana pumzi. Nikawaambia mmoja mmoja, kwa majina yao, nikiwa nimekaa palepale. Na mwili mmoja mmoja ukanyooka mbele ya macho yangu. Hamsini na mmoja, kwa mpigo. Kwa miaka kumi na moja nilikuwa nikimrekebisha mtu mmoja, namaliza, nangoja mwingine aje.

Walipomaliza hawakuondoka. Walikaa sakafuni wakipiga soga, yule dada mgeni katikati yao, na mtu alishamwuliza anaishi wapi ili kesho wapitiane. Nikasimama pale nikawaza, huyu hawezi kupotea tena, hata akitaka.

Habari kubwa nimeiweka chini makusudi. Meneja wa kiwanda cha sabuni cha jirani alikuja Ijumaa. Wafanyakazi wake watatu ni wa darasa letu, na ameona hawaombi tena ruhusa za kiuno. Anataka darasa lake, watu sitini, saa kumi na mbili asubuhi, siku tatu kwa wiki, mkataba wa mwaka. Nilimwuliza kama anataka na mashine. Akasema, "Mashine ninazo kiwandani. Nataka kile mnachofanya jioni." Mkataba nimeusoma, Sharubu kausoma, mama fundi cherehani kausoma na akafuta kifungu kimoja. Tumesaini jana. Ubao wa ukutani umejaa, tumeongeza ubao wa pili. Ukirudi itabidi tupate mwalimu wa tatu, anza kumtafuta huko darasani kwenu, mwenye sauti na asiyeringa.

Mtaani bado wananiita Nondo. Nilidhani wataacha.

Barua hii naikatisha hapa. Ni saa kumi na moja kasoro dakika tano, wameshaanza kuvua viatu, na leo sitaki mtu yeyote anihesabie.

Kaka yako,
Nondo